Nani anapika kwenu?

Shifti ya kwanza ya kusafisha damu kwa wagonjwa wa figo inaanza saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo saa kumi mimi niko ndani, nawasha mashine, napima maji, napanga mirija, na ikigonga saa kumi na moja kasoro wagonjwa washajipanga mlangoni na mablanketi kwapani. Mablanketi kwa sababu damu ikizungushwa nje ya mwili masaa manne mtu anasikia baridi kweli kweli, hata kama nje ni San Antonio, Texas, ya mwezi wa nane. Hii kazi nina mwaka wa saba. Nyumbani Tanga nikisema nafanya kazi na mashine za figo wanajua mimi ni daktari, nimechoka kusahihisha, na mama ndio kabisa keshautangazia mtaa mzima.

Sasa ukikaa kwenye chumba kile asubuhi moja tu utaona kitu bila kuambiwa na mtu. Viti vimejaa, na wengi waliokaa ni Walatino, watu wenye asili ya nchi za Amerika ya Kilatini, Mexico hasa, na ukiuliza figo zilikufaje jibu ni lile lile, sukari. Kwa Marekani nzima sukari ndio sababu namba moja ya figo kufa, ila haigawiwi sawasawa. Hesabu za serikali yao za 2018 na 2019 zilionyesha watu wazima waliokwisha kuambiwa wana sukari ni asilimia 7.4 kwa wazungu na 11.8 kwa Walatino. Hapo ni wale waliopima tu, wapo wanaotembea nayo hawajui.

Na kinachonifurahisha (kama kuna cha kufurahisha humo) ni kwamba wanaiita kama sisi. Hawasemi lile jina refu la hospitali, wanasema tengo azúcar, nina sukari. Siku ya kwanza kusikia nilicheka peke yangu, nikaona kumbe niko nyumbani.

Kiti cha dirishani kilikuwa cha bibi mmoja wa miaka sabini na kitu, sisi wote tukimwita Doña, maana mama mtu mzima kule kwao humwiti jina lake kavu kavu, kama kwetu tu. Yeye aliniita mijo, mwanangu, tangu siku ya pili. Kihispania changu ni cha kuokota okota kazini lakini yeye alikuwa na subira, ananirekebisha huku sindano mbili zimo mkononi mwake.

Kila mwezi afisa lishe anapita kiti kwa kiti na majibu ya damu. Kwa Doña anakuja na mkalimani wa kwenye simu, simu inawekwa juu ya mto, sauti inatoka kwa mtu aliye sijui mji gani. Na karatasi. Karatasi ina picha ya sahani imegawanywa, nusu mboga, robo nyama, robo wanga, na mboga yenyewe iliyochorwa ni brokoli. Afisa lishe anauliza, unakula tortilla (zile chapati zao nyembamba) ngapi kwa siku? Doña anajibu, mbili. Afisa lishe anaandika mbili, anasema vizuri sana, anahamia kiti kingine. Baadae natoa sindano namuuliza, Doña, kweli mbili? Akaniangalia kama mtoto mjinga hivi. Mijo, mbili ni zile za kuonjea kama zimeiva.

Tulicheka, halafu nikaanza kumuuliza maswali ya kweli, sio ya kazi, maswali ya umbea tu. Nani anapika nyumbani? Yeye. Anapikia wangapi? Tisa. Mume, watoto wawili wa kiume wanaoezeka mapaa, wake zao, wajukuu. Siku ambazo haji kwetu anaamka saa tisa usiku kwa sababu wanaume wanatoka saa kumi na moja na hawawezi kupanda juu ya paa kwenye jua la Texas na tumbo la brokoli. Tortilla za moto, maharage, mayai, viazi. Yeye anakula mwisho, amesimama, kilichobaki. Sasa niambie, ile sahani ya kwenye karatasi ni ya nani? Doña hana sahani! Ile picha imechorwa kwa mtu anayekaa mezani peke yake, anajipakulia mwenyewe, na anaishi karibu na duka lenye brokoli. Halafu juu ya hapo ni mgonjwa wa figo, maharage yenyewe ambayo kwa mtu wa sukari ni chakula kizuri tu, kwake yana potasiamu na fosforasi, madini ambayo figo iliyokufa haiyatoi, lazima ayahesabu, kwa hiyo hata ile karatasi ya sukari na karatasi ya figo zinagombana zenyewe kwa zenyewe na yeye yuko katikati na tortilla mkononi.

Na kwa nini alisema mbili? Sio muongo. Wenyewe wana neno, respeto, heshima, daktari hakatizwi, mtu mwenye koti jeupe ukimbishia umemvunjia heshima. Nani kati yetu hajamuona mama yake anaitikia ndio daktari, ndio daktari, sawa mwanangu, halafu akifika nje ya geti anakuuliza kwani kasemaje yule?

Ndio nikaanza kusoma. Mimi si mtafiti, nasema mapema, mimi ni fundi wa mashine, lakini nilitaka kujua kama kuna mtu aliwahi kuuliza hilo swali la nani anapika, akaliweka kwenye utafiti wa maana, ule wanaouita wa kujali utamaduni. Nikakuta wapo, na wa kwanza niliowakuta wako mkoa huu huu wa Texas, kama masaa manne ya gari kutoka kwangu, Starr County, mpakani kabisa, ng'ambo ya mto ni Mexico. Ni sehemu masikini na karibu wakazi wote ni wenye asili ya Mexico, sukari imeingia kila nyumba. Mtaalamu wa vinasaba anaitwa Craig Hanis yuko kule tangu 1981 anapima watu, baadae akaungana na Sharon Brown, huyu ni nesi mtafiti wa Chuo Kikuu cha Texas pale Austin, na hapo ndipo stori inaponoga kwangu.

Walichofanya si kutafsiri karatasi. Walichukua watu 256 wenye sukari, miaka 35 hadi 70, na kila mmoja akaambiwa aje na mtu wake, mke, mume, mtoto, rafiki, yeyote. Hilo tu, sikilizeni, hilo la kuja na mtu ndio lingemfaa Doña kuliko karatasi mia. Wafundishaji walikuwa manesi, maafisa lishe na wafanyakazi wa jamii wenye asili ya Mexico, wanaongea lugha zote mbili, video zimepigwa pale pale Starr, watu waone barabara wanazozijua, mikutano inafanyika sehemu ambazo watu wanakwenda hata kama hawaumwi. Na chakula kilikuwa chao. Hakuna aliyeambiwa aache tortilla, waliongelea ngapi, na mafuta gani kwenye maharage, na namna ya kupika kile kile. Masaa 52 kwa mwaka, miezi mitatu ya kwanza kila wiki, halafu vikao vya kusaidiana. Masaa 52! Mgonjwa wa kawaida anapata dakika ngapi na daktari, kumi? kumi na tano akichelewa mwenzie?

Matokeo yakatoka 2002. Kipimo kile cha damu cha wastani wa sukari ya miezi mitatu, kinasomwa kwa asilimia, baada ya nusu mwaka waliofundishwa walikuwa chini ya wenzao waliowekwa kusubiri kwa pointi 1.4. Kwa wasiojua, hiyo ni nyingi, kuna vidonge vinatafuta hiyo na haviipati. Ila na mimi sitaki kuwauzia ndoto hapa, maana wenyewe waliandika wazi kwamba hata baada ya kushuka wastani wao ulibaki juu ya 10, wakati wagonjwa wengi wanaambiwa walenge chini ya 7. Yaani walitoka kwenye shimo refu sana wakapanda ngazi kadhaa, juani bado. Mimi hiyo ndio ilinifanya niwaamini zaidi, mtu anayekuambia na mabaya ya kazi yake.

Kule Massachusetts nako walijaribu, mradi unaitwa Latinos en Control, watu 252 wa kipato cha chini, wakatumia mpaka tamthilia za kusisimua zile za mapenzi na machozi kufundishia sukari, ambayo mimi naona ni akili kubwa, bibi zetu wangapi hawaachi tamthilia hata mvua inyeshe ndani. Miezi minne ya kwanza sukari ilishuka vizuri kuliko kundi la kulinganishia, mwaka ulipoisha tofauti imefifia. Kule California, San Diego wakatumia meseji za simu tu, Dulce Digital, watu 126, miezi sita, waliopata meseji kipimo kile kile kikatoka 9.5 kikafika 8.5 na wale wengine wakabaki pale pale karibu. Na Santa Barbara wapo walioanza kukusanya familia elfu moja, Mil Familias, familia sio mgonjwa, wakawatumia watu wa jamii yenyewe waliofundishwa kwenda kukaa nao. Ukizipanga pamoja unaona kitu: inafanya kazi mnapokuwa pamoja, mkiondoka inaanza kuchomoka. Sijui kwa nini watu wanashangaa. Hata dawa ya presha ukiacha kumeza presha inarudi, hakuna anayesema dawa ilikuwa ya uongo.

Kinachoniudhi ni pale watu wanaposema wamejali utamaduni kumbe wamegeuza lugha tu, tena vibaya. Hapa Marekani kuna kisa kila nesi Mlatino anakijua. Kwenye chupa ya dawa neno la Kiingereza la mara moja linaandikwa once, na hizo herufi nne hizo hizo kwa Kihispania ni kumi na moja. Sasa kompyuta ya duka la dawa itafsiri nusu iache neno hilo lilivyo, bibi yako ameze kidonge cha sukari au presha mara kumi na moja kwa siku. Watafiti waliangalia lebo za Kihispania za maduka ya dawa ya Bronx, New York, wakachapisha 2010, nusu ya lebo zilikuwa na makosa. Nusu. Na hilo ni jambo la lugha tu, hatujafika kwenye sahani wala kwenye roho ya mtu.

Kwenye roho sasa. Doña alikuwa anaamini sukari yake ilitoka kwenye mafuriko. Oktoba 1998 San Antonio ilipata mafuriko mabaya, watu walikufa, na yeye usiku ule maji yaliingia ndani akambeba mjukuu kichwani, na tangu usiku ule anasema hakuwa mtu yule. Wanaita susto, mshtuko, roho inaruka. Mwaka uliofuata akapimwa, sukari. Alimwambia daktari mmoja enzi hizo, daktari akatabasamu akaandika kitu akageuza ukurasa, na yeye akaamua kwamba huyu hajui chochote kuhusu ugonjwa wangu, na hata vidonge vyake akawa anavimeza akikumbuka.

Mimi sikutabasamu, ningetabasamu vipi, mimi niliyekulia nyumba ambayo shangazi alipata sukari baada ya kupokea simu ya msiba, kila mtu anajua hivyo, ukienda leo utaambiwa hivyo hivyo. Na sio kwamba ni upuuzi mtupu, mwili ukishtuka homoni zinamwaga sukari kwenye damu, hilo ni la kitabuni, ila mshtuko peke yake haukupi ugonjwa, mara nyingi ulikuwa nao kimya kimya na siku ya tukio ndio ukajitokeza au ndio ukapimwa. Susan Weller na wenzake walikwenda kuwauliza Walatino wa Connecticut, Texas, Mexico na Guatemala wanaielewaje sukari, wakatoa majibu 1999, na kumbe kwa sehemu kubwa watu wanaelewa vizuri tu, karibu sawa na madaktari, urithi, chakula, kukojoa sana, miguu. Hawajakataa sayansi, wameongeza mlango mmoja tu wa kuingilia. Sasa ukimdharau mtu mlangoni kwake utaingiaje ndani?

Kama insulini. Wengi wanaiogopa, wanasema inapofusha. Ukimsikiliza mtu anakuambia mjomba wake alianza sindano mwezi wa tatu, mwezi wa tisa haoni. Na ni kweli hakuona! Alianza sindano amechelewa miaka kumi, macho yalishaharibika zamani. Huku kwetu si ndio wanasema ukianza sindano ndio mwisho? Ushahidi wanao, wameuona kwa macho, tafsiri ndio imekwenda upande, na karatasi yenye brokoli haijibu hilo, anayejibu ni promotora. Promotora ni mama wa mtaani aliyefundishwa afya, anaingia jikoni, anakaa, anakunywa kahawa, na akisema mimi mwenyewe najidunga mwaka wa nane na nakuona vizuri ulivyovaa blauzi kinyume, basi imekwisha hiyo.

Ila kuna hatari nyingine na hii nataka niiseme kwa sauti, neno utamaduni linaweza kugeuka fimbo. Nimeshasikia kazini mtu anasema hawa ni tortilla zao tu ndio zinawaua. Kwanza hakuna hawa mmoja. Utafiti mkubwa kuliko yote wa Walatino kule, watu zaidi ya 16,000 kutoka Bronx, Chicago, Miami na San Diego, ulikuta sukari kwa wenye asili ya Amerika Kusini ni asilimia 10.2 na kwa wenye asili ya Mexico 18.3, wenye asili ya Cuba wapo katikati, sasa ukiwaita wote jina moja ukawapa karatasi moja umefanya nini? Ni kama mtu achukue Mdigo, Mhaya na Mmanyema awape mpango mmoja wa chakula kwa kuwa wote wanaongea Kiswahili. Pia kuna mambo ya damu, mwishoni mwa 2013 ilitoka habari ya kinasaba kinaitwa SLC16A11, aina yake moja iko kwa wingi kwa watu wenye asili ya wenyeji wa Amerika na inaongeza hatari ya sukari, na chimbuko lake ni Neanderthal, wale binadamu wa kale, halafu wewe unamlaumu bibi na kikaango.

Na tortilla yenyewe ya asili, ya mahindi yaliyochemshwa na chokaa, watu wa Mexico wameila maelfu ya miaka. Mahindi ni yao, yametoka kwao mpaka yakafika kwenye sufuria zetu za ugali. Soda ya lita mbili ndio ya jana.

Halafu fedha. Kuna wagonjwa Texas hii hii hawana karatasi za kuishi nchini, hao katika sehemu nyingi hawapati kiti cha mara tatu kwa wiki kama Doña, wanasubiri mpaka hali iwe ya dharura, pumzi imebana, potasiamu imepanda, ndio wasafishwe emajensi. Dallas walifuatilia watu 181 wa namna hiyo, baadhi wakapata bima ya kuwawezesha kusafishwa kwa ratiba, wengine wakabaki na emajensi, mwaka mmoja tu, waliofariki ni asilimia 3 upande wa ratiba na 17 upande wa emajensi, ilichapishwa 2019. Hakuna tamthilia itakayotibu hiyo, wala promotora, hata awe mzuri vipi. Kwa hiyo mtu akiniambia utafiti unaojali utamaduni ndio jibu namuuliza jibu la swali gani. La nani anapika, sawa, hapo nakubali kwa mikono miwili. La nani analipa, hapana.

Turudi kwa Doña. Mwaka juzi afisa lishe mpya alikuja, binti mdogo, wazazi wake wanatoka Michoacán, Mexico, na siku ya kwanza hakutoa karatasi. Alivuta kile kiti cha magurudumu akakaa, akamsalimia vizuri, akamuuliza leo umewapikia nini wale wanaume? Mimi niko kiti cha tatu najifanya nafunga mirija. Waliongea nusu saa nzima, meneja anachungulia mlangoni. Mwisho yule binti akamwambia mkwe wako mkubwa mlete Jumamosi. Akaja kweli, mkwe, na daftari. Walichokubaliana kilikuwa kidogo sana ukikisikia: maharage yalowekwe usiku na maji yamwagwe, Doña apakuliwe kwanza kabla ya wanaume, kwenye sahani yake, akae chini, na soda isiwekwe mezani ikae garini kwa wanaoezeka. Basi. Doña alilalamika wiki tatu kuhusu kula kabla ya mume wake, aliona aibu, mume mwenyewe ndio alimwambia kula bwana usinisumbue.

Miezi mitatu mbele kipimo chake kilishuka, sitataja namba zake, za kwake hizo. Figo hazikurudi, figo hazirudi. Mwaka jana mwezi wa pili akafa, moyo, nyumbani kwake, na blanketi lake la waridi yule mkwe alituletea tuwape wagonjwa wasiokuwa nalo. Lipo mpaka leo.

Baada ya msiba ule nikamtafuta mama Tanga. Sukari yake ina miaka sita na kila mara nilikuwa namuuliza maswali ya kikazi, umepima, ngapi, dawa zipo. Safari hii nikamtumia meseji, mama, siku hizi nani anapika hapo nyumbani? Akanijibu kwa sauti, dakika nne, dakika tatu nzima ni za bati la jirani lililoruka na upepo. Mwisho ndio akasema, anapika yule binti wa marehemu dada yangu, anapika vizuri lakini maharage ya nazi anatia sukari kijiko, nimemwambia aache anasema wateja wa mgahawa alikotoka walikuwa wanayapenda hivyo, sasa mimi nitamgombeza mtoto wa watu? Na chai anaikoroga kabisa jikoni, inakuja tamu, nakunywa tu.

Nikasikiliza mara mbili. Nikaanza kuandika jibu refu, la kitaalamu, na mambo ya Starr County ndani, na kabla sijatuma ikaingia sauti nyingine fupi.

"Na wewe mwanangu, na hizo kazi za usiku na baba yako alikuwa nayo, umepima lini?"